V8 imetoka ovaholi na bado inasumbua: soma dalili kabla hujafungua tena

Umemaliza ovaholi ya V8 yako, iwe Mustang ya 302 ama Camaro ya 350 (hizo namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) ama ile gari ya misuli iliyotolewa kwa ghala ya mzee fulani huko Karen ikiwa na kuku ndani, umelipa watu wa kugrindi krenki, umengoja spea kutoka Marekani mpaka ukazoea kungoja, sa injini imeingia kwa gari, imewaka, na kuna kitu haiko sawa. Inatoa moshi, ama inagonga, ama haina nguvu, ama giaboksi imejiamulia gia yenye inataka. Kitu ya kwanza utaambiwa na fundi ni "boss, hii tuifungue tena." Usikubali bado. Injini iliyotoka ovaholi juzi ikisumbua, mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya bloku, uko kwa taimingi, kabureta, hozi ya vakyumu, gasketi ya manifoldi ama flaiwili iliyotoka kwa injini ingine kabisa. Na kuna jambo lingine letu sisi wa Nairobi: vitabu vya hizi gari vimeandikwa kama vile kila mtu anaishi Mombasa, na sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hivyo namba nyingi utakazosoma kwa geji zitaonekana mbaya na si mbaya.

Utahitaji geji ya kompresheni, geji ya vakyumu, geji ya presha ya oili ya kufunga na paipu (si ile ya umeme ya kwa dashibodi) na taa ya taimingi. Zunguka Kirinyaga Road utazipata. Fundi asiye na hizi vitu anabahatisha na pesa yako, haijalishi amefanya hii kazi miaka mingapi.

Namba za kitabu na namba za Nairobi

Hewa ya hapa ina presha kama kilopaskali 82, Mombasa ni 101. Hiyo tofauti ya karibu moja kwa tano inaingia kila mahali. Kitabu kinasema V8 ya kawaida ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa) iwe na vakyumu (nguvu ya injini kuvuta hewa) ya inchi 17 hadi 21, hapa injini nzima kabisa itakupa 12 hadi 15. Kitabu kinasema kompresheni 160 psi, hapa utaona kama 130. Kuna injini Nairobi zimefunguliwa mara ya pili na ringi mpya zikatupwa ju ya hiyo 130 peke yake, na hakukuwa na shida yoyote.

Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda. Pasha injini moto, toa plagi zote nane, shikilia kabureta ikiwa wazi kabisa, piga starta mpaka sindano isimame, andika. Ile ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Zikiwa zote nane ziko chini kwa kiwango kimoja, na ni chini kweli kama 80 hivi, usikimbilie ringi, angalia kwanza kama lifta (vidude vinavyopandishwa na kemu, ile shafti ya kufungua valvu) zimekazwa sana. Lifta za haidroliki za Chevrolet zinakazwa nusu hadi raundi moja baada ya uwazi kuisha, sasa kuna wale wanazungusha pushi rodi na vidole huku lifta haijajaa oili, inabonyea, wanadhani bado kuna uwazi, wanaendelea kukaza. Injini ikiwaka lifta inajaa, valvu inabaki wazi kidogo, kompresheni inapotea. Hiyo unarekebisha na spana kwa kava ya valvu, hakuna kushusha injini.

Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, hapo ni gasketi ya hedi kati yao. Moja peke yake, mwaga kijiko cha oili kwa shimo la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, ikibaki vile ilivyo ni valvu. Na tukiwa kwa valvu, petroli yenye ledi iliisha Kenya kufikia 2006 na hedi nyingi za kabla ya miaka ya sabini hazikuwa na siti ngumu za eksozi, kwa hivyo kama hedi zilienda mashini na hakuna aliyeweka siti ngumu, siti zitaliwa polepole kama gari inakimbizwa. Si leo lakini.

Haiwaki, ama inatema moto kupitia kabureta

Kama inazunguka vizuri, petroli iko na cheche iko lakini inapiga nyuma kupitia kabureta, distribyuta imeingizwa nyuzi 180 nje. Alama kwa puli inafika sifuri mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi, na moja tu ndio ya kompresheni. Weka kidole kwa shimo la plagi namba moja, mtu azungushe krenki na spana, ukihisi upepo unasukuma kidole na alama inakaribia sifuri, hapo rota inafaa kuangalia waya namba moja.

Halafu mpangilio wa waya. Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2 na rota inazunguka kama saa. Ford 302 ya zamani ni 1-5-4-2-6-3-7-8 na rota inazunguka kinyume cha saa. Lakini 351 Windsor, na zile 302 za HO (za nguvu zaidi) za miaka ya themanini, ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Hii imesumbua watu wengi ju injini za hapa zimepitia mikono mingi na hakuna anayejua kemu ilitoka wapi. Ukiona 302 inawaka lakini inamisi vibaya na silinda nne ndizo zinafanya kazi, 1, 2, 6 na 8, basi kemu ndani ni ya mpangilio ule mwingine. Badilisha waya za 5 na 3 kati yao, na za 4 na 7 kati yao. Dakika tano na injini imekuwa nyingine.

Na usiache starta izunguke dakika mbilimbili ukitafuta shida kama kemu ni ile ya lifta za kuteleza (zisizo na rola) na ni mpya, ile mafuta nzito uliyopaka inafutika. Tafuta shida na mikono, starta iwe ya mwisho.

Moshi mweusi, plagi nyeusi kama mkaa, petroli inaisha ukiona

Hii ndio malalamiko ya Nairobi namba moja, na sababu ni hewa yetu nyepesi. Kabureta imetoka kwa boksi Marekani ikiwa na jeti za usawa wa bahari, hapa inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwa kabureta za Holley hesabu inayotumika ni kushuka namba moja ya jeti kwa kila futi 2,000 na sisi tuko karibu futi 6,000, kwa hivyo shuka tatu. Kama zilikuwa 66 weka 63, endesha, toa plagi uangalie rangi, kahawia ya chai ya maziwa ndio tunatafuta. Kabureta za Edelbrock ni rahisi zaidi ju unabadilisha zile sindano za ndani bila kutoa kabureta.

Lakini kuna wenye wameshusha jeti na bado inatoa moshi mweusi ikiwa sailensa, na hapo mwizi ni pawa valvu. Hiki ni kidude ndani ya Holley kinachofunguka vakyumu ikishuka chini ya namba yake, ili kiongeze petroli ukikanyaga. Nyingi huja na 6.5. Kule chini injini yenye kemu kali kidogo ina vakyumu ya 13 ikiwa sailensa, hakuna shida. Ilete hapa, hiyo 13 inakuwa 8, weka otomatiki kwa D inashuka hadi 6 na kitu, na pawa valvu inafunguka gari ikiwa imesimama kwa jemu ya Ngong Road. Pima vakyumu yako ya sailensa gari ikiwa kwa gia, gawanya kwa mbili, hiyo ndio namba ya kununua. Ukipata 9, weka 4.5. Kama injini ilishawahi kupiga nyuma, pawa valvu ya Holley za zamani inaweza kuwa imepasuka kabisa, na kujua ni rahisi: funga skrubu za sailensa zote mpaka mwisho, injini ikiendelea kuunguruma kana kwamba hujafanya kitu, petroli inapitia mahali pengine na mara nyingi ni hapo.

Taimingi nayo. Kwa hedi za chuma anza na nyuzi 10 hadi 12 ikiwa sailensa na jumla ifike 34 hadi 36 ikifika 3,000 rpm, hozi ya vakyumu advansi ikiwa imetolewa na kuzibwa wakati unapima. Hapa juu injini inavumilia nyuzi moja mbili zaidi bila kulia. Sasa sikiza, ukiwa umeitengeneza hivi kwa Nairobi halafu uamue kuipeleka Mombasa pasaka, ukifika Mtito Andei umeshashuka kama kilomita moja kwenda chini, hewa imekuwa nzito, jeti zako zimekuwa ndogo na taimingi imekuwa kali, na kwa mlima kidogo utasikia ile sauti ya njugu zikikaangwa. Beba jeti za zamani kwa mfuko na spana ya distribyuta, rudisha nyuzi mbili tatu. Pistoni hazitakupigia simu kabla zipasuke.

Moshi wa bluu

Swali la kwanza ni unatoka saa ngapi. Ukiwasha asubuhi unatoka pumzi moja ya bluu halafu unaisha, hizo ni sili za valvu. Ukishuka mteremko mguu ukiwa juu, kama ile ya Mai Mahiu, halafu ukikanyaga kunatoka wingu, bado angalia sili na bushi za valvu (valve guides). Ukitoka kila ukikanyaga na unazidi injini ikivuta mzigo, hapo ndio ringi zinaanza kushukiwa.

Kushukiwa tu. Ringi mpya zinahitaji mzigo ndio zikae kwa silinda, na watu wengi wanawasha injini mpya wanaiacha ikiungurumia kwa yadi wiki nzima wakiwaonyesha marafiki, silinda inang'arishwa kama kioo na ringi hazikai tena. Itoe nje. Thika Road asubuhi mapema ya Jumapili, gia ya tatu, kanyaga kutoka 50 hadi 80, achilia ishuke yenyewe, rudia kadhaa, angalia vioo. Kama silinda ilipigwa honi (kukwaruzwa mistari midogo ndani) vizuri moshi utapungua siku hiyo hiyo.

Sasa ile yenye inafungulisha watu injini bure. Kompresheni ni safi silinda zote, sili za valvu ni mpya, na bado inakunywa oili na plagi moja mbili ziko na maji maji ya oili. Kwa V8 manifoldi ya kuvuta hewa inakaa katikati juu ya lile bonde lenye oili inarukaruka, na gasketi ikiwa haijashika upande wa chini, silinda inavuta oili moja kwa moja kutoka bondeni. Kutoka nje huoni kitu, ukinyunyiza dawa ya kusafisha kabureta injini haibadiliki ju ufa uko ndani. Kinachosababisha ni hedi kuchongwa huko mashini mara moja, mbili, zinashuka, na manifoldi haikuchongwa kufuatana nazo, pembe hazilingani tena. Dalili yake ulishaiona wakati wa kufunga na ukaipuuza: bolti za manifoldi zilikataa kuingia na vidole mpaka fundi akatumia bisibisi kuvuta.

Kujua ni hivi. Toa hozi ya PCV (ile inavuta mvuke kutoka ndani ya injini) uizibe, ziba pia pumzi ya upande ule mwingine, injini ikiwa sailensa weka kiganja kwa mdomo wa kujazia oili. Ikisukuma mkono ni ringi zinapitisha. Ikivuta mkono kwenda chini ni gasketi ya manifoldi, maana bondeni hakuna kingine cha kuvuta. Peleka manifoldi ichongwe ilingane na hedi, na zile pande mbili za mbele na nyuma tupa gasketi ya koki iliyokuja kwa seti, weka silikoni nene, subiri ikauke kidogo ndio uweke manifoldi.

Inachemka

Hapa juu maji wazi yanachemka kwa kama nyuzi 94. Themostati ya hizi injini nyingi inafunguka kwa 82. Kwa hivyo kifuniko cha rediata kikiwa kimekufa una nyuzi kumi na mbili tu kati ya kazi ya kawaida na mvuke, na kikiwa kizima cha 13 psi unafika kama 115. Badilisha hicho kwanza, ni cha bei ndogo kuliko kitu chochote kingine kwa hii makala.

Inachemka kwa jemu lakini ikitembea inapoa: feni, kava ya feni, hewa haipiti. Inachemka ikikimbia lakini kwa jemu iko sawa: rediata imeziba, ama hozi ya chini imekosa springi ndani inafyonzwa na kubanana. Inachemka kila mahali, angalia taimingi kabla ya kuangalia maji, injini iliyo nyuma kwa taimingi inachoma petroli ikiwa imeshaanza kutoka kwa eksozi na joto lote linaingia hedi. Paipu za eksozi zikiwa nyekundu usiku, ni hiyo.

Ford wana mtego wao. Gasketi ya hedi ya 302 na 351 imeandikwa neno FRONT na hilo neno lazima likae mbele ya injini pande zote mbili, hata kama upande mmoja maandishi yataangalia chini. Fundi anaona maandishi yameangalia chini anaona ni makosa, anageuza gasketi, na sasa njia za maji za nyuma zimezibwa. Injini inachemka siku ya kwanza na hakuna rediata itaiponya. Huna haja ya kufungua ujue: chuchumaa na tochi uangalie kona ya chini ya mbele ya kila hedi, ile kona ya mraba ya gasketi inafaa kuchungulia hapo pande zote mbili. Usipoiona mbele na uione nyuma, pole, hiyo hedi inatoka.

Presha ya oili na kugonga

Funga geji ya paipu kabla ya kuogopa. Kanuni ya zamani ni 10 psi kwa kila 1,000 rpm injini ikiwa moto, na 15 hadi 20 ikiwa sailensa haina neno. Ikiwa iko chini kweli tangu siku ya kwanza, fikiria plagi za mifereji ya oili. Chevrolet ina plagi tatu nyuma ya gia ya taimingi, zinatolewa bloku ikienda kuoshwa na moja ikisahaulika oili inamwagika kurudi sampu bila kufika popote. Kuna ingine ndogo chini ya kofia ya nyuma ya krenki, hiyo ikikosa oili inaruka filta na hakuna atakayejua mpaka beringi zianze kuliwa. Halafu umbali wa kinyonyaji na sakafu ya sampu, iwe kama milimita 10. Halafu uwazi wa beringi zenyewe, milimita 0.05 hadi 0.06 kwa rodi, na usiamini namba iliyo kwa boksi, geuza ganda la beringi usome mgongo wake, ju krenki iliyochongwa 20 (elfu za inchi) na beringi za 10 ni kitu inatokea.

Kugonga kwenyewe, tofautisha. Tiki tiki nyepesi inayoenda nusu ya mwendo wa injini ni upande wa valvu. Inayosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto ni eksozi inavuja kwa gasketi. Inayogonga nzito, vua waya ya plagi moja moja, ikipungua ukivua fulani, hiyo silinda ina rodi ama pistoni mgonjwa, zima injini hapo hapo. Na kama gari ni otomatiki, kabla hujalia, toa kile kifuniko cha chini ya konveta (ile inaunganisha injini na giaboksi ya otomatiki) ukaze bolti na uangalie ile sahani ya flaiwili kama ina ufa. Inagonga vile vile kama rodi, hata masikio mazoefu yanadanganyika.

Kemu nayo. Kama ni ile ya lifta za kuteleza, ikiwaka mara ya kwanza ipandishe moja kwa moja hadi 2,000 na 2,500 rpm, uicheze hapo kati dakika 20 hadi 30, hakuna sailensa. Kabla ya hapo presha ya oili iwe imepandishwa na drili kupitia shimo la distribyuta, Chevrolet kama saa, Ford kinyume cha saa, ukikosea upande kwa Ford pampu haitoi kitu na utaanza kuilaumu. Oili za petroli za kisasa zimepunguziwa zinki, na zinki ndio inalinda hizi kemu, kwa hivyo wengi hapa tunaweka oili ya dizeli ya 15W-40 yenye daraja la CI-4, stesheni nyingi ziko nayo. Kemu ikianza kufa utasikia sauti ya kupasuka kupitia kabureta kwa mdundo uleule, silinda moja, na kila wiki lifta inataka kukazwa tena. Kata filta ya oili na msumeno, tandaza karatasi yake kwa jua. Ikimetameta, kemu imeenda na vumbi lake limezunguka injini nzima, na hapo ndio kweli inafunguliwa.

Inatetemeka

Simamisha gari, weka nyutro, pandisha rpm. Ikitetemeka ikiwa imesimama ni injini, konveta ama klachi. Ikitulia, basi ni kutoka propela kwenda nyuma.

Ya injini, Ford 302 tena. Mpaka 1981 zilibalansiwa kwa uzito wa aunsi 28, kuanzia 1982 ni aunsi 50, na balansa ya mbele na flaiwili za hizi mbili zinaingiliana kwa bolti vizuri kabisa. Ukipata flaiwili ya bei poa haijulikani ilitoka mwaka gani, injini itatetemesha vioo mpaka uipate ya mwaka sahihi. Chevrolet 350 za kabla ya 1986 zimebalansiwa ndani, za baada zina uzito kwa flaiwili, na balansa ya 400 usiiweke kwa 350 kabisa.

Ya propela, mara nyingi ni shafti iliyokatwa kwa jua kali ili iingie giaboksi nyingine na ikachomelewa krosi zikiwa hazijalingana. Masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma lazima yakae mstari mmoja. Pembe nazo, ya giaboksi na ya difu zitofautiane kwa chini ya nyuzi moja na zielekeane kinyume, krosi ifanye kazi kati ya nyuzi moja na tatu. Kama inatetemeka ukikanyaga tu, pua ya difu inainuka, springi za majani zimechoka. Pita Expressway kwa 80 isiyobadilika, hakuna matuta, hapo utasikia tofauti vizuri kuliko barabara yoyote ya chini.

Klachi na giaboksi ya mkono

Kanyaga klachi, hesabu hadi kumi, ingiza rivasi. Ikikwaruza klachi haiachilii, na giaboksi haina makosa. Angalia kebo ama haidroliki, diski imegeuzwa, ama ile bushi ndogo ya mwisho wa krenki imebana shafti. Kama ni bloku na nyumba ya klachi zilizotoka gari tofauti, pima na geji ya saa (dial gauge) kama tundu la nyumba liko katikati ya krenki, isizidi milimita 0.13, ju ikipinda shafti inalazimishwa na giaboksi itaruka gia ya nne peke yake na utabadilisha sinkronaiza bila faida. Kwa oili, giaboksi za Toploader (ya Ford) na Muncie (ya GM) wape GL-4, sio GL-5, ju ringi zake ni za shaba.

Ikiruka ruka ukiondoka, shuku oili kwa diski ama flaiwili haikuchongwa, na angalia maunti za injini. Maunti za Chevrolet za miaka ya sitini zina sifa yao mbaya, 1971 General Motors waliita gari zaidi ya milioni sita warekebishe, injini ilikuwa inainuka na kuvuta mafuta yenyewe.

Otomatiki

Gari inabadilisha gia kwa kuchelewa na kwa kishindo, watu wanakuambia giaboksi imeisha. C4, C6, TH350 na TH400 zote zinasoma mzigo wa injini kupitia kidude kinaitwa modyuleta, kinavuta vakyumu kwa hozi. Vakyumu ya Nairobi iko chini, kwa hivyo giaboksi inadhani umekanyaga hata kama hujakanyaga, inachelewesha gia. Weka modyuleta ya kurekebisha, skrubu ya ndani izungushe kinyume cha saa kidogo kidogo, gia zitakuja mapema na laini. Kabla ya hapo hakikisha hozi haina ufa. Na kama eksozi inatoa moshi mweupe, maji ya rediata hayapungui lakini mafuta mekundu ya giaboksi yanapungua, toa hiyo hozi: ikiwa na mafuta ndani, ngozi ya modyuleta imepasuka na injini inayavuta inayachoma. Unabadilisha bila kushusha giaboksi.

Giaboksi mpya ikilia tangu injini iwashwe na haisogei, konveta haikuingia mpaka mwisho na imevunja pampu. Inafaa kushuka hatua tatu ndani, na ukiunganisha na injini ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla ya bolti kuivuta mbele. Kama ulilazimisha na bolti, jibu unalo.

Difu

Kelele ikibadilika ukikanyaga na ukiachilia ni krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu). Ikibaki ileile na kupanda tu na mwendo ni beringi. Ikibadilika ukikata kona ni beringi za magurudumu, hata difu usiiguse. Uwazi wa meno uwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, upake rangi uangalie alama inakaa katikati ya jino. Ile ringi ya kupondeka ya pinioni ikikazwa kupita kiasi hairudishwi kwa kulegeza nati, inatupwa, inawekwa mpya. Ford ya inchi 9 inakupa raha, unatoa difu nzima kwa mbele unaifanyia kazi kwa meza. Meno mapya yaendeshe polepole kama dakika 20 kisha yapoe kabisa kabla ya safari yoyote.

Na zile difu za kubana, Positraction na Traction-Lok, zinazolazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuvuta, zikinguruma na kurukaruka ukizunguka kwa parking, kwanza mwaga oili, weka mpya pamoja na ile chupa ndogo ya dawa ya klachi za difu ambayo mtu alisahau kuweka, tafuta uwanja mtupu uzunguke kama unachora namba nane, kulia na kushoto, mara kadhaa pole pole. Ikiendelea baada ya hapo, klachi zake zimeisha.